Msumari wa Karani Shekuba

Karani Shekuba wa masjala ya ardhi alikuwa na msumari mrefu uliosimama juu ya meza yake. Mtu akimletea kikaratasi chenye jina lisilokamilika, alilitafuta kwenye kompyuta, akatamka "Hamna," kisha akakitunga kikaratasi msumarini. Nusu ya mji ilikuwa imetungwa pale. Aliwadharau wote. Watu wanadai mashamba, na majina kamili ya baba zao hawayajui!

Asubuhi ile Rehani, binti fundi wa programu aliyetumwa kutoka makao makuu, alimaliza kuirekebisha kompyuta ile.

"Sasa hata kipande cha jina kinatosha, mzee. Itakuletea majina yote yenye kipande hicho."

"Haya, tuwadekeze wajinga," alisema Shekuba.

Dirishani alisimama Bi Somoe, mjane aliyekwisha kurudishwa mara nne. Shekuba alitaka kumuumbua yule binti fundi na programu yake, basi akaandika lile jina ambalo mjane alikuwa akimwita mumewe: Shamsu. Mara yakatokea majina matatu. La pili lilikuwa Shamsudini, na chini yake shamba, mipaka na namba ya hati.

Bi Somoe hakushukuru. Alimtazama karani kama mtu anavyotazama uchafu aliokanyaga.

"Kumbe lilikuwamo siku zote." Kisha akaunyoshea kidole msumari. "Na hao, bwana karani?"

Nyuma yake, watu waliokuwa wameketi benchini wakaanza kusimama. Shekuba alivifunika vile vikaratasi kwa kiganja. Ncha ya msumari ilimchoma, lakini mkono hakuuondoa.