Dona Mbele ya Wakwe

Wakwe walipokwisha kunawa, Bibi Tabitha aliandaa ugali wa dona wenye madoa ya pumba. Mumewe, Mzee Zefania, alitahayari. Mgeni hupewa sembe nyeupe, naye Zefania daima aliila pamoja na wageni, ingawa tabibu alikwisha kumwonya aiache, ale dona, kwa ajili ya shinikizo la damu.

"Mama Eliya, unaniaibisha," alinong'ona.

"Heri uaibike ungali hai."

Mkwe akacheka. "Mzazi mwenzangu, huu si ugali wa gerezani?"

"Ndio wenyewe," Zefania akajibu, akimega tonge la kwanza. "Nataka nimpakate mjukuu wetu atakayezaliwa."

Mkwe aliacha kucheka. Mkewe akakisogeza mbali naye kisahani cha chumvi, na mkono wa mkwe ukabaki umenyooka juu ya ugali uliofuka mvuke.