Walinzi wa Ndani ya Tangi

"Maji yanachuruzika kwenye mshono wako wa chini! Kesho unarudi kwenye ufagio!"

"Si wangu, baba. Nifunikie!"

Cheche alikuwa ameshajikunja ndani ya tangi la bati kama kuku kwenye tenga. Baba yake, fundi mkuu wa kuchomelea, akambamizia mfuniko. Giza totoro, ili mwanga wa nje uonyeshe tundu lilipo.

"Tundu umeliona?"

"Bado."

"Si nilikwambia!"

"Subiri basi! Macho yametoka juani sasa hivi."

Jicho lina walinzi wa zamu mbili. Wa mchana wanajua rangi, ila gizani hawafai kitu. Wa usiku hawajui nyekundu wala kijani, lakini chembe ya mwanga haiwapiti. Shida yao, ni wazito kuamka. Cheche akawasubiri, jasho likimdondoka puani.

Baada ya robo saa, kitu kikameta. Akakikodolea macho, kikapotea. Kumbe walinzi wa usiku hawakai katikati ya jicho, wamejazana pembeni. Akatazama kando kidogo, na lo! Kile pale, kitundu kidogo kuliko ncha ya sindano.

Akakitia chaki, akacheka mpaka tangi zima likavuma.

"Baba! Mshono wa juu kachoma nani?"

Maji yalitokea juu, yakateremkia chini, na mshono wa juu aliuchoma mzee mwenyewe.

Mfuniko ukafunguka. Mzee akamvalisha binti yake miwani yake ya kuchomelea.

"Haya, ziba, fundi."

Akageuka, akauokota ufagio, akaenda zake huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.