Bwawa la Namalwa

Phineas Mideva alitumbukiza ufito wake bwawani mara tatu, na mara zote tatu maji yakafika alama ya futi nne. Akaandika. Akapima urefu na upana kwa hatua, akaandika tena. Nyuma yake Mama Namalwa, mjane mwenye shamba hilo, alikuwa ameketi juu ya kigoda, mikono mapajani, ametulia kama mgonjwa angojaye zamu yake kwa daktari.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru, na mwezi wa tano tangu Phineas aajiriwe kuwa mkaguzi wa maji katika ofisi ya Kakamega. Bado alikuwa katika majaribio. Mwezi wa sita ukimalizika bila kesi hata moja kusimama mahakamani, kazi hiyo angepewa mwingine. Kesi tatu alizozipeleka zilianguka kwa sababu ile ile: washtakiwa walidai kuwa maji waliyoyazuia ni ya mvua iliyonyesha juu ya mashamba yao wenyewe, na Phineas hakuweza kuthibitisha vinginevyo. Kuhusu mito, sheria ilisema waziwazi. Kuhusu mvua ilishikwa na kigugumizi.

Safari hii hakutaka kubahatisha. Bwawa lilikuwa katika kibonde, kati ya mto na mahindi ya mjane huyo, katika shamba alilogawiwa karibu na Lumakanda, Lugari, baada ya mzungu kuondoka. Ukingo wake ulikuwa wa udongo mpya, ulioshindiliwa kwa ustadi. Kando yake palikuwa na kipande kikubwa cha ardhi tupu, na Phineas, ambaye hakupenda kazi iliyoachwa nusu, alijiambia kwamba mama huyu alichoka kupanda kabla ya kumaliza.

Jambo moja tu lilimtatiza. Hapakuwa na mfereji wa kupeleka maji shambani, wala kwato za ng'ombe ukingoni.

"Hunyweshi mifugo hapa, Mama?"

"Haya hayaguswi, mwanangu. Maji ya kunywa nayateka kule juu, kwenye chemchemi. Hata bata nawafukuza."

"Umeyatoa wapi?"

"Mtoni."

Nusura kalamu imponyoke Phineas. Alikuwa amejiandaa kwa mvua.

"Una hakika si ya mvua?"

"Nimezeeka, sijapofuka. Niliyaona kwa macho haya yakitoka mtoni. Andika."

Akaandika. "Na ukingo huu?"

"Nimeujenga mimi, kwa jembe langu. Nilitaka yasiondoke."

Majirani wawili walikuwa wamefika, kwa kuwa Namalwa aliwaita mara tu alipoiona Landirova ya ofisi: Patroba, mwenye shamba la pili, na Chepkoech, mama wa ng'ambo ya ua.

"Afisa," alisema Patroba, "una hakika maji haya ni ya Serikali? Yasije yakawa ya mtu mwingine."

"Labda ni ya yule mzungu," akasema Chepkoech. "Aliondoka kwa haraka, akayasahau."

Phineas aliwangoja wamalize kucheka. Kisha akawafafanulia, polepole, kama afundishaye darasa la kwanza, kwamba maji ya mto, tangu chimbuko hadi ziwani, ni mali ya Serikali, hata tone.

"Hata yakitoka mtoni yakatembea?" Namalwa aliuliza.

"Hata yakitembea, Mama. Mwenyewe habadiliki."

"Na wewe ndiwe Serikali?"

"Kwa mambo ya maji, huku Lugari, ni mimi."

Akaona ni haki kumwonya. Kuzuia maji ya Serikali bila kibali ni kosa kubwa. Aliyegawiwa shamba anaweza hata kunyang'anywa. Chepkoech aliacha kutabasamu. Namalwa alitikisa kichwa kukubali, akaomba maelezo yaliyoandikwa yasomwe kwa sauti ili majirani wasikie. Phineas akasoma: kwamba maji haya yametoka mtoni, kwamba ni mali ya Serikali, kwamba yeye, mkaguzi, amefika na kuyatambua. Akatia sahihi na muhuri. Namalwa akabonyeza kidole gumba. Majirani nao wakabonyeza vyao.

Phineas alimwonea huruma. Hakuwahi kumwona mshtakiwa akijifunga kwa utaratibu namna ile.

"Una neno la mwisho, Mama?"

Namalwa aliinuka, akajipangusa vumbi.

"Hapa kwetu, ng'ombe akivunja ua akakula shamba la mtu, hatumpigi. Tunamfunganga tu, hata maziwa hatumkami, mpaka mwenyewe aje amtambue mbele ya majirani, ndiyo alipe. Maji haya yalivunja kingo za mto wiki tatu zilizopita. Sijanywa hata kata moja." Akaielekezea kidole ile ardhi tupu. "Mwenyewe umekuja, umeyatambua. Haya, mwanangu, twende tuhesabu mistari ya mahindi yaliyoliwa."