Ugonjwa wa Gari la Mkwe

Gari lilizima juu ya tuta la tatu, binti akiwa kiti cha nyuma na tumbo lake limemfika kidevuni.

"Hili gari litajifungua kabla yangu," binti akasema.

Mama hakucheka. Siku zilibaki nne, hospitali ilikuwa mbali, na njia nzima ni matuta. Mwenye binti aliyekaribia kujifungua anajua moyo unavyokuwa. Akazungusha ufunguo. Gari likawaka papo hapo, kana kwamba si lenyewe lililozima.

Hiyo ilikuwa mara ya sita wiki ile, na Mama alishamjua mchawi. Ni mkwe wake, aliyewaletea gari hilo likiwa limeshatumiwa na watu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona kila alipomwona mkwe akilifuta vumbi.

Mama si mtu wa kuamini watu. Nyumbani kwake kila chenye mlango kilikuwa na kufuli: geti, stoo, banda la kuku, friji, hata kabati la sukari. Funguo zote ishirini na mbili alizitia kwenye pete moja ya chuma, pamoja na tochi na filimbi ya kumpigia mwizi. Ufunguo wa gari nao ulikaa humo humo. Akiwa anakuja, kuku walijua kabla ya watu.

Wakalipeleka gari kwa fundi umeme. Mama akauchomoa ufunguo wa gari peke yake, akamkabidhi kwa vidole viwili, fungu lililobaki akalifunga kiunoni. Fundi na funguo za nyumba ya watu, wapi na wapi.

Fundi akapima betri, akakaza nyaya, akabadili fyuzi na koili. Akalizungusha gari mtaa mzima, akayapitia matuta yote. Halikukohoa.

"Mama, inaelekea umeme unakatika mahali, kisha unarudi," akasema. "Ila kwangu haukatiki. Hili gari lina nini na wewe?"

"Lina mkwe," Mama akajibu.

Walirudi gereji mara ya pili na ya tatu, mambo yakawa yale yale. Mikononi mwa fundi gari lilikuwa malaika. Mikononi mwa Mama, punda.

Siku ya nne, asubuhi, uchungu ukamshika binti. Mkwe akaketi naye nyuma, amemshika mkono. Gari likazima tuta la kwanza. Likazima la pili. La tatu, mbele ya gereji, likazima tena, na Mama akaanza kulia.

"Mama, nipishe niendeshe," fundi akasema, ameshafungua mlango.

Hata pale, binti akipiga mayowe, Mama alichomoa kwanza ule ufunguo mmoja kwenye pete, ndipo akampa.

Gari likayavuka matuta kumi na moja bila kushtuka. Mjukuu akazaliwa salama, hata kabla Mama hajapata kiti cha kukalia.

Jioni, binti na mtoto wakiwa wamelala, watatu waliobaki wakarudi garini. Mama alikuwa amelainika kidogo.

"Mkwe wangu, Mungu akubariki. Ila gari hili liuze."

"Sawa, mama," mkwe akajibu kutoka nyuma.

Mama akaurudisha ufunguo kwenye pete yake, akawasha. Injini ikaunguruma vizuri. Fundi, aliyeketi pembeni yake, akalitazama lile fungu likining'inia na kubembea, tochi na filimbi vikigongana.

"Mama, usiondoke kwanza."

Akanyoosha kidole kimoja, akalivuta fungu chini kidogo tu, kama linavyovutwa kwenye tuta. Injini ikanyamaza.

Mkwe, kwa adabu, akageuka kutazama nje dirishani.