Mwanafunzi wa Masharti

Teke la kwanza lililegeza kitasa. La pili liliufungua mlango kwa kishindo, ukampiga kijana aliyekuwa nyuma yake, akaanguka kifudifudi juu ya rundo la viatu. Begi lilikuwa bado mgongoni. Kabla hajajua kilichomsibu, mpini wa shoka ulimshukia begani.

"Ndiwe unayelala humu?" Mama Bucha aliuliza.

"Ndiyo, mama. Shika..."

Mpini ukaitikia shikamoo yake.

Shoka lenyewe aliliacha buchani kwa makusudi. Mkono wake ulizoea kupasua paja la ng'ombe kwa pigo moja, na aliuogopa mkono huo. Hakuja kuua. Alikuja kutia mtu adabu.

Mwanawe wa pekee, aliyemlea mgongoni huku akikata mifupa, alikuwa amepenya chuoni kwa tundu la sindano. Alama zake hazikutosha, wakampokea kwa masharti: ahudhurie kila siku darasa la usaidizi la hesabu na uandishi, asikose, kisha afaulu mtihani wa muhula. Akiteleza, afungashe virago. Mama Bucha aliyashika masharti yale kama sala. Wateja waliokuja kununua maini walikuwa wakipimiwa na habari za chuo juu yake, wapende wasipende.

Kisha mwanawe akaanza kurudi nyumbani mwisho wa juma na majeraha. Kwanza vifundo vya vidole vimechubuka. Mara nyingine shingo imejaa mikwaruzo ya kucha. Juzi alikuja na alama za meno mkononi, nyama imefunguka, usaha unaanza kutunga. Mama aliliosha jeraha kwa maji ya chumvi.

"Nani kakung'ata hivi?"

"Mwenzangu wa chumbani. Tuligombana tu."

"Mligombea nini?"

"Hasikii yule, mama. Achana naye. Atazoea."

"Na wewe ukakaa utafunwe kama mfupa?"

Mwanawe alicheka, akaomba aongezwe nyama.

Mtoto haumwi peke yake. Leo alasiri Mama Bucha alifunga duka wateja wakiwa bado mlangoni, akatia mpini kikapuni, akaenda chuoni. Alianzia kwa mshauri wa wanafunzi wa masharti. Alitaka kwanza ajue kama vipigo vile vimeshamharibia mwanawe masomo.

Mshauri, mwanamke wa makamo aliyeshika kazi hiyo mwaka ule ule, alimpokea kwa bashasha.

"Hongera, mama! Hajakosa kipindi hata kimoja. Leo alikaa mbele kabisa, wametoka sasa hivi. Na alivyo mpole! Ukimuuliza swali anajibu kwa sauti ndogo, mpaka uiname ndipo umsikie."

Mama Bucha alikivuta kikapu karibu. Mpole? Mwanawe, ambaye akiita mtu mtaa mzima unageuka? Aliyewahi kumlaza fahali chini peke yake, watu wakapiga makofi? Mtu hapotezi sauti yake hivi hivi. Alikuwa amepokonywa. Walikuwa wamemvunja mtoto wake humu humu ndani, na huyu mwenye miwani anauita huo upole.

"Umebaki mtihani wa kesho tu," mshauri alisema. "Akiupita, masharti yote tunamwondolea."

"Ataupita," alisema Mama Bucha. "Anakaa chumba gani?"

Ndipo akapanda ngazi, na mlango ukafunguka kwa teke.

Sasa kijana alikuwa amejiburuta chini ya meza, mikono juu ya kichwa. Alikuwa mwembamba, mdogo mno kwa meno makali namna ile, lakini hata nyoka si mnene. Mama Bucha alimvuta kwa mguu. Mpini ukatua ubavuni, na ubavu ukatoa mlio anaoujua mtu wa bucha. Kijana alipiga ukunga. Damu ikamtoka puani, ikachora mstari sakafuni alipoburutwa.

Wanafunzi wa vyumba vya jirani walijaa mlangoni. Mmoja alijaribu kumshika mkono akala kiwiko cha mdomo, akarudi nyuma akitema. Wengine wakaona heri macho kuliko meno.

"Ning'ate na mimi basi!" Mama Bucha alihema. "Si una meno wewe?"

Kijana alirusha teke, likampata gotini. Alijipinda, akamparura mkono, akapigana kama paka aliyebanwa na mlango. Shati likachanika begani hadi kiunoni.

"Unanijua mimi? Mimi ndiye mama yake!"

Hapo kijana akatulia. Mara moja, mwili mzima. Aliitoa mikono kichwani, akailaza ubavuni, akaacha kujikinga kabisa.

Mama Bucha aliinua mpini. Kisha akauona mgongo. Ulikuwa umejaa alama, mbichi na kuukuu, nyingine zimekuwa kijani, nyingine nyeusi kama maini, na yeye hakuwa amepiga pale hata mara moja. Mpini ukabaki hewani.

Kijana alimeza damu, akamtazama kwa jicho moja lililokuwa bado linafunguka.

"Basi, mama, inatosha," alisema. "Kamwambie mwanao nimekubali. Huo mtihani wa kesho nao nitamfanyia."