Sebule Yangu, Nchi ya Watu

Siku hizi hapa Dodoma balozi hapewi jengo. Anapewa sebule ya raia, na sebule hiyo inakuwa nchi ya watu. Mimi nilipata Visiwa vya Tomeru, ambavyo bahari ilishavimeza vyote. Nchi nzima imebaki makochi yangu mawili na zulia.

Balozi wao, Aleki, ni kijana mcheshi. Nikija na ufagio ananiuliza, "Bibi, unakuja kutalii au kufanya kazi?" Tunacheka mpaka basi.

Jana binti yangu Matika alimpelekea uji, uchungu wa uzazi ukamkuta humo humo sebuleni. Akajifungua msichana mwenye nywele tele. Aleki alilia kwa furaha.

"Raia wetu wa kwanza tangu tuzame!" akasema, akaimba wimbo wa taifa peke yake.

Kwetu bibi ndiye humwogesha mjukuu, basi nikaandaa beseni jikoni, maji ya uvuguvugu na mafuta ya nazi. Nikaja mlangoni pa sebule, nikanyoosha mikono.

Matika alikuwa amelala. Aleki alikuwa amempakata mtoto.

"Kazi ya ubalozi ni kulinda raia, Bibi," akasema kwa upole, "na mimi ninaye huyu mmoja tu."

"Maji yanapoa, mwanangu."

Akatabasamu vizuri kabisa, wala hakusogea.