Mashine Mbili za Kinyozi

Babu yake alikuwa fundi saa, na watu wenye vyeo walimwachia saa zao bila kudai stakabadhi. Baba yake alikuwa fundi redio. Alipofariki, hata hasimu wake wa biashara alilia mbele za watu. Yeye, fundi wa tatu katika ukoo, alirithi meza ileile na kibao kilekile cha mlangoni, akageukia mashine za zamani za gemu, zile za kuchomeka kaseti, ambazo watu wazima huzitafuta ili waurudie utoto wao. Katika vizazi vitatu hapakuwa na mteja aliyerudisha kazi akilalamika. Ukoo ule haukuwa na shamba wala nyumba za kupangisha. Ulikuwa na jina tu.

Ndiyo maana skrubu ile ilimnyima raha.

Aliikaza mwenyewe jana, akaifunika kwa tone la rangi ya kucha aliyoiazima kwa binti yake, iwe muhuri. Asubuhi hii kidole chake kilikuta tone limebanduka. Mtu alikuwa ameifungua mashine iliyokwisha kutengenezwa, iliyokuwa ikimsubiri mwenye mali tu aje aichukue.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, na waliofanya kazi humo walikuwa wawili: yeye na mume wa binti yake. Kijana huyo alikuwa mpole kupita kiasi. Fundi alimwita Bwana Taratibu, na hakumwita hivyo kwa kumsifu. Mtu asiyejibu akisemwa, aliamini, ana jambo analolificha.

Na mambo yalikuwa yamejikusanya. Waya wa risasi wa kuchomelea uliisha upesi kuliko kazi alizozifanya. Kapasita mpya, vile vipuri vidogo vya kutunza chaji, zilipungua kwenye droo. Mara nyingi alipoamka kutoka kwenye usingizi wa mchana, alikuta karakana inanuka moshi wa risasi, na mkwe ameketi mikono mapajani kama mwanafunzi aliyesikia viatu vya mwalimu. Hesabu ilikuwa nyepesi. Huyu bwana anazifungua mashine za watu, anachomoa vipuri vya asili, anaweka takataka, na vile vizuri anavipeleka anakokujua mwenyewe.

"Mama," alimwambia binti yake jikoni, "mumeo hufanya nini karakanani mimi nikiwa nimelala?"

Binti aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. "Hufagia, baba."

"Hufagia kwa chuma cha moto?"

"Mwache tu, baba. Kuna mteja aliyelalamika?"

"Nikingoja walalamike, nitakuwa nimemzika babu yako mara ya pili."

Kabla ya adhuhuri kinyozi wa jirani alichungulia mlangoni. Alikuwa ameleta mashine mbili, ambazo wateja wake huchezea wakisubiri zamu.

"Fundi mkuu, shikamoo. Mashine zangu vipi? Bila gemu wateja wananitazama mimi nikinyoa, na kazi yangu haitaki kutazamwa sana."

"Marahaba. Nimezimaliza asubuhi hii. Njoo jioni."

"Unajua ile uliyonitengenezea mwezi uliopita? Fundi wa ng'ambo ya barabara aliifungua kwa udadisi wake. Alisema hajaona uchomeleaji safi namna ile, utadhani imetoka kiwandani. Wenzako wanazeeka, wewe unarudi ujanani."

Fundi alizipokea sifa kama mtu anayelipwa haki yake, kisha akamgeukia mkwe. Mkwe alikuwa ameinama, akitafuta sakafuni kitu ambacho hakikuwapo.

Hilo lilitosha. Fundi aliapa moyoni kwamba kabla kinyozi hajarudi, ama kijana huyu atakuwa ametoka katika karakana ile, ama kibao cha mlangoni kitashushwa.

"Nakwenda kunyoosha mgongo," alisema baada ya chakula.

Alijilaza na viatu vyake, macho wazi. Punde alisikia bisibisi ikizunguka, skrubu zikidondoka kwenye kisahani. Kisha harufu ya moshi ikapenya chini ya mlango. Aliinuka, akaingia karakanani bila kubisha.

Mashine zote mbili za kinyozi zilikuwa mezani, vifuniko wazi. Chuma cha moto kilikuwa mkononi mwa mkwe.

Fundi hakupaza sauti. "Mama, njoo huku. Nataka shahidi."

Binti alikuja na kitambaa cha jikoni mkononi, akasimama kizingitini.

Fundi aliinyakua mashine iliyokuwa karibu naye, akaiweka chini ya taa yenye kioo cha kukuzia, chombo ambacho mkwe alikuja nacho na ambacho yeye alikiona ni mkongojo wa wavivu. Kwa mara ya kwanza alikiinamia. Akatazama kazi iliyokuwa ndani. Risasi imevimba mabongemabonge. Tone moja limemwagika, likaunganisha njia mbili zisizopaswa kukutana. Kapasita imekaa upande, kama jino linalotaka kung'oka.

"Nani alikufundisha kazi hii?"

"Wewe, baba."

"Mimi sikukufundisha uchafu huu. Baba yangu angeuona, angeivunja meza hii kwa shoka." Alinyoosha mgongo, akawatazama wote wawili. "Sasa nisikilizeni, ninyi vijana, na mlishike neno langu, kwa kuwa sitalirudia. Mwenye mkono wa namna hii aweke chuma chini leo hii, asiguse tena mali ya watu. Awe mwana, awe mkwe, awe nani. Mmenielewa?"

Binti alijiziba mdomo kwa kile kitambaa.

"Tumekuelewa," mkwe alisema, akakizima chuma na kukiweka mahali pake. "Lakini hiyo, baba, nimefungua kifuniko tu. Ndani iko kama ulivyoiacha asubuhi."